Sheria ya matumbawe inaanzia inchi kavu

Vijana wenzangu, leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu hatujakiona hata siku moja kwa macho: matumbawe ya baharini. Najua kuko mtu ataniuliza: wewe agronomi, mtoto wa Kalemie, unatafuta nini ku bahari? Sisi Kongo tuna kipande cha bahari cha kilometa 40 hivi pale Muanda, na hata pale miamba ya matumbawe hakuna, sababu mto wetu mkubwa unamwaga maji yasiyo na chumvi na udongo mwingi, na tumbawe haliwezi kuishi namna ile.

Swali ni la haki. Jibu langu liko katika habari moja fupi.

Wakati wa staji yangu nilipita vijiji vya kando ya ziwa Tanganyika. Nilikuta papa mmoja mvuvi anavuta chandarua cha mbu ndani ya maji mafupi, mahali samaki wanazalia. Mimi na lisansi yangu mpya, nikaanza kumweleza sheria. Alinisikiliza vizuri, hakukasirika. Kisha akasema: "Mwana yangu, ile sheria iko Kinshasa. Siye tuko huku ku mayi."

Nilikosa jibu. Tangu ile siku nimekuwa nikitafuta mahali ambako sheria ya mazingira ilitoka ku karatasi ikafika ku maji, nijue ilipitia njia gani. Mifano mizuri zaidi niliikuta kwa matumbawe. Na jambo moja linarudi kila mara: sheria inayolinda matumbawe haifanyi kazi yake kubwa baharini. Inaifanya inchi kavu.

1. Tumbawe ni nini, na linataka nini

Tumbawe si jiwe, hata kama linafanana na jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo sana wanaokaa pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya mwili wa kila mnyama kunaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani unatumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, unampa mwenye nyumba sehemu kubwa. Mwenye nyumba anaupa makao na uchafu wake ambao kwa mwani ni mbolea. Waliosoma agronomia wanaijua hii habari: ni kama maharagwe na bakteria za ku mizizi. Mmoja akikufa, mwingine anateseka.

Juu ya ule ushirika, tumbawe linadai vitu vitatu: maji maangavu yanayopitisha jua, maji yasiyo na mbolea mingi, na joto lisilopanda kupita kiasi. Na liko na mwendo wa pole. Yale makubwa ya mviringo yanaongezeka karibu sentimita 1 kwa mwaka. Kitu kinachovunjwa kwa sekunde moja, mjukuu wako anaweza kufa bila kukiona kimerudi.

Miamba ya matumbawe inafunika chini ya 1% ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe vya bahari wanaitegemea. Inavunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ku vijiji, na inazalisha samaki wanaolisha watu wa pwani. Njo maana mtu anayeuliza "matumbawe ni ya nini?" ni kama yule anayeuliza msitu ni wa nini.

2. Tanzania: baruti haitoki baharini

Tuanze kwa jirani, upande wa Dar es Salaam, ule mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kwa bandari yake.

Uvuvi wa baruti pale Tanzania ulionekana tangu miaka ya 1960. Mvuvi anarusha kilipuzi ndani ya maji, samaki wanapasuka ndani ya tumbo, wanaelea. Wengine wengi wanazama bure. Na mahali kilipuzi kimepasukia, tumbawe linabaki changarawe. Mtoto wa tumbawe hawezi kushika ku changarawe inayosukumwa huku na huku na mawimbi, kwa hiyo kile kidonda hakiponi.

Sheria haikukosekana. Uvuvi wa baruti ulikatazwa tangu mwaka 1970. Mwaka 1994 ikatoka sheria ya hifadhi za bahari, na mwaka 1995 Kisiwa cha Mafia kikapata hifadhi ya kwanza ya namna ile. Mwaka 2003 ikatoka Sheria ya Uvuvi mpya yenye adhabu ya kifungo. Na bado, mwaka 2015, watafiti walipita pwani ya Tanzania wakivuta vinasa-sauti vya chini ya maji nyuma ya mashua. Walisikia milipuko 318 ya hakika. Sikieni na hii: 62% ya milipuko ilitokea ndani ya kilometa 80 kutoka Dar es Salaam. Si kule mbali ambako gari ya leta haifiki. Ni mbele ya mji mkubwa wa inchi, miaka 45 kisha kukatazwa.

Sasa tujiulize kama wanasheria: ilikosekana nini? Wengi watasema "rushwa" na kufunga mazungumzo. Rushwa iko, lakini tuangalie kesi yenyewe ginsi inavyokufa. Askari wakikaribia, mvuvi anatupa kilipuzi ndani ya maji, ushahidi umezama. Mashahidi ni majirani na wajomba wake, na jioni watakutana soko moja. Akifika tribinali, hakimu ambaye hajawahi kuona tumbawe anaona kijana maskini na samaki wachache. Na yule aliyempa kilipuzi na kumgharimia mafuta ya mashua hatajwi hata kidogo.

Hapa njo sheria ilibidi kupanda inchi kavu. Baruti haizaliwi baharini. Inatoroka ku machimbo ya mawe, ku migodi, ku kazi za barabara. Vingine vinatengenezwa kutoka mbolea ya shamba. Watoto wa Katanga hawahitaji kuelezewa: mahali kuko mgodi, baruti haiko mbali. Lakini baruti ni mambo ya wizara ya madini, na samaki ni mambo ya uvuvi. Kila ofisi inafunga mlango wake saa tisa na nusu. Kuanzia mwaka 2015 Tanzania ilikusanya idara mbalimbali katika kikosi kimoja cha kupambana na uhalifu wa mazingira, kikaanza kufuata mnyororo: nani anauza, nani anasafirisha, nani analipa. Miaka iliyofuata, milipuko ilipungua sana.

Mafundisho: sheria iliyokuwa inangojea mwizi ku mlango wa nyuma ilikosa kumshika miaka 45. Ilipoenda ku duka lake, mambo yakabadilika.

3. Australia: sheria iliyoingia ndani ya shamba

Huu mfano unanigusa mimi kama agronomi.

Mbele ya Queensland kuko Great Barrier Reef, mwamba wa matumbawe mkubwa kupita yote duniani, wenye urefu wa kilometa 2,300. Sheria yake ilipigwa mwaka 1975. Mwaka 2004 walipanga upya maeneo: sehemu zilizokatazwa uvuvi kabisa zilipanda kutoka chini ya 5% mpaka 33%. Kwa karatasi, na hata kwa maji, ni kazi nzuri sana.

Lakini mto hausomi alama ya "Hifadhi". Mvua ikinyesha, maji yanatoka ku mashamba ya miwa, ku migomba na ku malisho ya ng'ombe, yanabeba udongo na nitrojeni mpaka baharini. Udongo unafunika tumbawe na kuzima jua. Nitrojeni inanenepesha mwani wa nje unaoshindana na tumbawe, na inasaidia kulisha watoto wa nyota-bahari mwenye miiba, mdudu mmoja wa bahari anayekula matumbawe kama viwavijeshi wanavyokula mahindi yetu.

Kwa hiyo mwaka 2019 bunge la Queensland lilipiga sheria inayoingia shambani. Mkulima wa miwa wa upande ule lazima aandike mbolea aliyoweka, na awe na hesabu ya nitrojeni na fosforasi: udongo una kiasi gani, mmea unataka kiasi gani, kinachobaki kitaenda wapi. Wakulima wengi walilalamika, na mtu anaweza kuwaelewa. Hakuna anayependa leta ihesabu mifuko yake. Lakini angalieni hesabu yenyewe. Mbolea inayofika ku bahari ni pesa ambayo mkulima alilipa na mmea wake haukula. Sheria iliyoandikwa vizuri hapa haimwambii "acha kulima". Inamwambia "lima bila kutupa".

Nani anaweza kufanya ile hesabu? Nani anaweza kusema ku mteremko huu weka matuta, ku kando ya mto huu acha majani mita kadhaa? Si wakili. Ni agronomi. Wanasheria wanaweza kuandika kifungu, lakini kama hakuna mtu wa kupima udongo, kifungu kinabaki maombi.

4. Belize: nani anasemea tumbawe ku tribinali?

Belize ni inchi ndogo ya Amerika ya Kati, na mbele yake kuko mwamba mrefu wa matumbawe ulioandikwa ku urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996. Mwezi wa Januari 2009, meli ya mizigo iliyoitwa Westerhaven ilipanda juu ya ule mwamba na kuusaga.

Leta ya Belize ikashitaki wenye meli. Wenye meli wakajitetea kwa namna ya kisheria kabisa: kuko mkataba wa kimataifa unaoweka mpaka wa pesa ambazo mwenye meli anaweza kulipa akiharibu mali ya mtu. Hapa swali likawa zito: tumbawe ni mali? Ni kama ukuta wa bandari au pirogi ya mtu?

Mwaka 2010 jaji mkuu Abdulai Conteh alijibu kwamba hapana. Mwamba ni kitu hai, ni urithi. Hauwezi kuhesabiwa kama ukuta wa saruji. Leta haiumiliki kama mali, lakini inaweza kuusemea ku tribinali kwa niaba ya watu. Aliamuru wenye meli walipe zaidi ya dola milioni 11 za Belize. Mahakama ya rufaa ilipunguza mpaka milioni 6, lakini njia ilikuwa imefunguliwa: anayevunja tumbawe analipa, na kiasi kinahesabiwa kwa kazi ambayo mwamba ulikuwa unafanya.

Na hapa pia sheria inafanya kazi inchi kavu. Nahodha anayejua kwamba kosa moja litagharimu mwenye meli mamilioni ataangalia ramani mara mbili. Bima yake itamlazimisha aangalie mara tatu. Mwaka 2017 Belize ikaendelea: bunge lilisimamisha kutafuta petroli katika bahari yake yote, na mwaka uliofuata UNESCO ikatoa ule mwamba katika orodha ya urithi ulio hatarini.

5. Kuruwitu: wenye pwani wenyewe

Mtu anaweza kusema: Australia iko na pesa, Belize iko na watalii. Sawa. Twende Kenya, kaunti ya Kilifi, ku kijiji cha Kuruwitu.

Wavuvi wa pale waliona samaki wanapungua, na katikati ya miaka ya 2000 wakakubaliana kufunga sehemu ya bahari yao, kama hekta 30 hivi, isivuliwe tena. Hakuna askari aliyewalazimisha. Kazi ilikuwa ngumu, sababu kila kijiji kina mtu anayesema "mimi nitakula nini leo?" Lakini samaki walirudi, wakajaa, wakaanza kutoka nje ya mpaka, na wale wanaovua pembeni wakaona faida ku nyavu zao.

Sheria iliingia wapi? Mwaka 2007 Kenya ilitoa kanuni za vikundi vya usimamizi wa pwani, zinazokipa kikundi cha wavuvi mamlaka juu ya sehemu yao ya kushukia: kuandikisha mashua, kupanga, kukataza. Bila ile kanuni, mgeni yeyote angekuja na nyavu zake na kusema "bahari haina mwenye". Kanuni iliwapa mdomo. Sheria haikuleta mapenzi ya kulinda, mapenzi yalikuwapo. Ilileta haki ya kusema "hapana" na ile "hapana" isikiwe.

6. Mahali sheria ya inchi moja inakoma

Lazima niseme ukweli pia. Tanzania inaweza kumaliza baruti, Queensland inaweza kupima kila mfuko wa mbolea, na bado bahari ikipata joto kupita kiasi tumbawe linafukuza ule mwani wake, linapauka, linabaki jeupe kama mfupa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalikufa namna ile. Mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji wa dunia nzima wa mara ya nne.

Hakuna askari wa hifadhi anayeweza kukamata joto. Lakini sheria inajaribu kupanda hata pale. Mwezi wa Mei 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, kwa ombi la kundi la visiwa vidogo, ilitoa maoni kwamba gesi zinazopasha dunia joto ni uchafuzi wa bahari, na kwamba mataifa yana wajibu wa kuupunguza. Ni maoni, si hukumu. Hayafungi kiwanda kesho. Lakini yanawapa mawakili wa kila inchi kitu cha kushika. Na tumbawe lisilo na vidonda vya baruti na matope liko na nafasi zaidi ya kupona joto likishuka. Ile sehemu iko mikononi mwetu.

7. Na siye huku ku mayi?

Nirudi kwa yule papa wa ziwani.

Ziwa Tanganyika halina matumbawe, lakini liko na miamba yake ya mawe kando ya pwani, na ku yale mawe kunaishi aina nyingi za samaki wasiopatikana mahali pengine duniani. Nao wanataka maji maangavu. Tangu miaka ya 1990 watafiti walionyesha kwamba mahali vilima vimekatwa miti na udongo unashuka ziwani, aina za viumbe zinapungua. Ni habari ileile ya Queensland, lakini hapa shamba ni la muhogo na mkulima hana hata mfuko wa mbolea. Ana mteremko na jembe.

Sheria tuko nazo. Karibu 45% ya lile ziwa ni ya Kongo, na mwaka 2003, pale Dar es Salaam, inchi 4 za ziwa (Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia) ziliweka saini ku mkataba wa kulilinda. Mkataba una mpaka kifungu cha kuzuia udongo kuingia ziwani. Nyumbani tuko na sheria ya misingi ya ulinzi wa mazingira ya tarehe 9 Julai 2011: anayechafua analipa, mradi mkubwa lazima ufanyiwe uchunguzi wa athari, na wananchi waulizwe. Katiba yetu, kifungu cha 54, inasema uchafuzi unaotoka ku kazi ya uchumi unadai fidia.

Kwa hiyo hatukosi karatasi. Tunakosa zile njia 4 tulizoona. Ukitaka kujua kama sheria ya mazingira itafanya kazi, uiulize hivi:

Inafuata mnyororo mpaka duka, au inangojea maskini ku maji? Chandarua kinavuta samaki wadogo, lakini nani anauza vyandarua vilivyoshonwa pamoja ku soko, mchana, mbele ya kila mtu?

Inaingia shambani? Nani anamsaidia mkulima wa mteremko kupanda miti na kuchimba matuta kabla ya kumlaumu?

Inajua bei ya kilichoharibika, na nani atakisemea?

Inampa mwenyeji haki ya kusema "hapana"?

Kwa kila swali kuna kazi ya mtu aliyesoma. Mwanasheria anaweza kutafsiri kile kifungu cha mkataba kwa Kiswahili ambacho mvuvi anakielewa. Mtu wa uchumi anaweza kuhesabu hasara ya ndagala waliokosekana. Agronomi anaweza kuandika memware juu ya udongo wa kilima kimoja, siyo tena kunakili memware ya mwaka 1998. Mwandishi wa habari anaweza kwenda kusikiliza kesi ku tribinali ya mji wake na kueleza watu namna iliisha.

Yule papa alikuwa na haki: sheria ilikuwa Kinshasa. Lakini sheria haina miguu, haiwezi kushuka yenyewe mpaka ku maji. Inabebwa na watu. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira mazuri. Wengi tunakomea pale. Sentensi inayofuata inasema mtu yuleyule ana wajibu wa kuyatetea.

Sasa ninawauliza nyinyi wasomaji, hasa waliozaliwa kando ya maji, iwe ziwa, iwe mto, iwe Muanda: kwenu kuna sheria gani ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeifuata? Mnyororo wake unaanzia wapi inchi kavu? Andikeni. Pengine memware ya mtu iko pale.